Mkuu wa chuo cha vijijini aanzie kwenye mzani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo hukumbukwa siku chache tu, tangazo la kutafuta mkuu wa chuo linapotoka gazetini, kisha husahaulika mpaka kipindi cha mkuu huyo kiishe. Ni nani anayefaa kuongoza chuo kinachofundisha usimamizi wa maendeleo vijijini, na awe amepita njia gani kabla hajakalia kiti kile?

Kwetu huku Kanda ya Ziwa swali hili si la wasomi peke yao. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichoundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1980 na chenye makao makuu Dodoma, kina kituo cha mafunzo hapa Mwanza. Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014, kimewafundisha mameneja na wahasibu wengi wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, na SACCOS, vyama vya akiba na mikopo, nchini. Ukiriguru wanafundisha kilimo, Nyegezi wanafundisha uvuvi. Mkulima wa Kwimba akipunjwa kwenye mzani, au mama anayeanika dagaa Ukerewe akikosa mkopo kwa sababu vitabu vya chama chake havisomeki, sehemu ya kosa hilo ilianzia darasani. Na darasa hufuata kile anachokithamini mkuu wa chuo.

Hoja yangu ni moja. Ngazi ya vyeo vya wanataaluma, kama ilivyo sasa, humtoa mwalimu kijijini hatua kwa hatua kadiri anavyopanda, hata anayefika juu kabisa akawa ndiye aliyekaa mbali na kijiji kwa miaka mingi zaidi. Ngazi hiyo inarekebishika bila kubomoa chuo.

Nianze na kalenda, kwa sababu kalenda ndiyo inayoonyesha upesi kama mkuu wa chuo anakijua kijiji au anakisoma tu. Pamba ya huku hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, na msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei. Kazi nzito kwenye maghala ya AMCOS ni Mei, Juni na Julai: kupima, kutenganisha pamba safi na pamba fifi, yaani ile ya daraja la chini, kuandika stakabadhi, kupakia lori la kiwanda cha kuchambua, kufuatilia fedha benki. Wakati huo wanafunzi wako wapi? Wako darasani wakimalizia muhula, kisha kwenye mitihani. Mafunzo kwa vitendo huanza Julai ikikaribia kwisha au Agosti. Wanapofika, maghala mengi yamekwisha kufagiliwa, karani anapanga stakabadhi kwenye maboksi, na mzani umetundikwa ukutani. Mwanafunzi atakaa wiki nane, atajaza daftari lake la kumbukumbu, atarudi chuoni bila kuona kilo moja ya pamba ikipimwa.

Tatizo la pili limejificha kwenye mwaka wa fedha. Mwaka wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni. Kuanzia katikati ya Juni ofisi ya uhasibu inafunga vitabu na maombi mapya ya posho na mafuta hayasogei. Julai inapoingia, bajeti mpya imepitishwa lakini fedha hazijashuka. Kwa hiyo wiki nne hivi ambazo mzani wa kijiji unafanya kazi kuliko wakati wote ndizo wiki ambazo gari la chuo halina mafuta. Mkuu wa chuo aliyewahi kushinda ghalani mwezi Juni analijua hili bila kuambiwa. Aliyekulia kwenye vikao ataulizwa kwa nini wanafunzi hawajui kusoma mzani, naye ataagiza somo jipya la nadharia.

Dawa yake ni kuyagawa mafunzo kwa vitendo mara mbili. Wiki tatu za kwanza ziwe kati ya Mei 20 na Juni 10, zilipiwe kwa fedha za robo ya Aprili hadi Juni, na maombi ya malipo yawe yamekamilika kabla ya Aprili kwisha. Wiki tano zinazobaki ziwe Agosti na Septemba, kwa ajili ya kulinganisha hesabu, kusoma madeni na kuhudhuria mikutano ya wanachama. Wiki tatu zinazotolewa katikati ya muhula ni kama saa 75 za kufundisha kwa ratiba ya saa 25 kwa wiki. Jumamosi 12 za saa sita sita zinarudisha saa 72. Ipo kazi ya kupitisha mabadiliko hayo kwenye baraza la taaluma na kuitaarifu mamlaka ya ithibati, na ipo kazi nyingine inayosahaulika kila mara: kukodi basi. Kama usafiri huo haukuingizwa kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, mfumo wa NeST, ule wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, hauwezi kuupitisha Mei hata mkuu akipiga meza. Uandikwe mwaka mmoja kabla.

Kwa upande wa ziwa kalenda ni ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi ni za sola na betri. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi hupumzika takribani wiki nzima, wakati mwingine zaidi kidogo. Wavuvi hutumia siku hizo kushona nyavu, kutengeneza injini, kulipana na kwenda nyumbani. Chuo kikipeleka wanafunzi kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, kwa siku kumi bila kuangalia mwezi, wanaweza kukuta mwalo mtupu wakaandika kwamba wavuvi hawafanyi kazi kwa bidii. Hilo halihitaji shilingi hata moja kurekebishwa: kipindi kianze siku tano baada ya mbalamwezi kamili, kiishie kabla ya nyingine kukaribia. Siku mbili tatu za mwisho ziongezwe makusudi kwa ajili ya mgawo, yaani pale mwenye mtumbwi na wavuvi wake wanapokaa kutoa gharama za petroli na chakula, kisha kugawana kilichobaki. Mgawo hutofautiana mwalo hadi mwalo, na anayetaka kujua kwa nini vikundi vya akiba vya wavuvi huvunjika auanzie hapo. Kikundi kinachodai mchango kila Jumatatu hakiwezi kudumu mahali ambapo fedha huja kwa giza na kukatika kwa mbalamwezi.

Sasa mzani wenyewe, maana nimeutaja sana. Ushirika wa kanda hii ulizaliwa kwenye mzani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba waliweka watu wao wa kusimamia upimaji kwenye vituo vya ununuzi, kwa sababu walikuwa wakipunjwa. Kutoka hapo vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo baada ya miaka michache tu lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Paul Bomani, aliyekuwa mstari wa mbele wa kazi hiyo, alikwenda kusoma ushirika Loughborough, Uingereza, akiwa tayari amekwisha kuwaongoza wakulima. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha. Tazama mpangilio wake: mzani kwanza, darasa baadaye, ofisi mwishoni. Vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu hapo kazi ya kuwapata watu wanaojua mzani na daftari kwa pamoja haijakamilika.

Kujua mzani maana yake nini? Kwanza, kuupima kabla ya kuutumia. Utundikwe mtupu, usome sifuri. Ziwekwe kilo 20 zinazojulikana. Pasipo na jiwe la kupimia, lita 20 za maji safi zilizopimwa kwa jagi lenye alama ni kilo 20, uongeze uzito wa ndoo tupu. Kisha 40, kisha 60, halafu urudi chini hatua kwa hatua. Mzani wa springi iliyochoka unaweza kusema kweli kwenye 20 na kudanganya kwenye 60, ndiyo maana kupima mara moja hakutoshi. Wa jukwaa upimwe pia kwenye pembe zote nne. Wa kidijitali uangaliwe betri, kwa sababu betri ikishuka namba huanza kuyumba. Mihuri ya Wakala wa Vipimo iwe ya mwaka huu.

Pili, kujua hesabu ya kinachopotea. Tuseme mzani unasoma 48 pale palipo na 50. Mkulima mwenye kilo 600 amepoteza kilo 24. Chama kilichokusanya kilo 200,000 kimewapunja wanachama wake kilo 8,000, na kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000 hizo ni shilingi milioni 8 katika msimu mmoja, bila mtu hata mmoja kuvunja kufuli la ghala.

Tatu, na hapa ndipo wasomi wengi huanguka: kusoma unyaufu. Pamba iliyonunuliwa asubuhi ikiwa na umande hupungua uzito ghalani, maana Juni na Julai huku ni ukavu. Kwa hiyo uzito wa kiwandani unatakiwa uwe chini kidogo ya jumla ya stakabadhi za wakulima. Ukiwa sawa kabisa msimu mzima, au ukizidi, kuna jambo. Ama mzani wa chama unapunja na ziada inauzwa kwa jina la mtu, ama pamba imemwagiwa maji au kutiwa mchanga ghalani. Mkaguzi asiyejua hili ataona ziada na kuandika kwamba chama kimefanya vizuri. Mhadhiri asiyejua hili atawafundisha mamia ya vijana kuandika hivyo hivyo.

Nirudi kwenye ngazi. Kijana mwenye ufaulu wa juu huajiriwa akiwa na shahada ya kwanza ili asaidie kufundisha. Akimaliza uzamili anakuwa mhadhiri msaidizi, akipata uzamivu anakuwa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na profesa. Kwenye ngazi za juu kwa kawaida inatakiwa miaka isiyopungua mitatu kati ya cheo na cheo, pamoja na machapisho yanayohesabiwa pointi. Aliyeanza na miaka 25 asikwame popote anaweza kuwa profesa mshiriki akiwa na miaka 44 au 45. Aliyekwama uzamivu, kwa kukosa ufadhili au msimamizi wa tasnifu kuhama, hufika hapo akiwa amevuka 50.

Kijiji kinapotelea wapi katika safari hiyo? Mara ya mwisho mwanataaluma kukusanya taarifa kwa mikono yake mwenyewe mara nyingi ni kwenye tasnifu ya uzamivu. Baada ya hapo huajiri vijana wenye vishikwambi na dodoso. Wahojiwa 384, idadi itokanayo na kanuni ya uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, ambayo kila mwanafunzi wa uzamili anaikariri. Dakika 40 kwa mhojiwa, siku sita, makala imepatikana. Lakini orodha ya wahojiwa imetolewa na katibu wa chama, mahojiano yamefanyika kwenye baraza la ghala, na mkulima anaulizwa kama anauamini mzani huku karani wa mzani akiwa hatua kumi. Atajibu kwamba anauamini. Makala itasema imani kwa ushirika ni kubwa, itapata pointi, na mwandishi atapanda cheo. Sisemi watu hawa ni wavivu. Wanafanya kile ambacho mizania ya vyeo inakilipa, tena wakiwa na madarasa yaliyofurika na mitihani ya kusahihisha hadi usiku.

Basi mizania hiyo ibadilishwe. Pamoja na makala za majarida, chuo cha vijijini kihesabu ripoti ya chama. Nieleze jinsi ya kuifanya isigeuke mchezo. Mhadhiri akae na AMCOS, SACCOS au kikundi cha mwalo kwa siku zisizopungua 20 katika msimu, asome vitabu vyake, aandike ripoti ya Kiswahili ya kurasa 15 hadi 25, kisha aisome mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Ripoti iambatishwe na muhtasari wa mkutano uliogongwa muhuri, ukionyesha maswali ya wanachama na majibu aliyoyatoa. Ipitiwe na watu wawili wasiomjua: afisa ushirika wa wilaya nyingine na mhadhiri wa chuo kingine. Ikipita, ihesabiwe nusu ya makala. Hatari yake inajulikana: watu watanakili ripoti moja na kubadilisha jina la chama. Kinga yake ni yale maswali ya wanachama, kwa sababu hayanakiliki. Mkulima wa Misungwi aliyekatwa fedha za dawa ya kupulizia mara mbili hawezi kuuliza swali la mwenzake wa Sengerema aliyecheleweshewa malipo. Tena kusiwe na ripoti zaidi ya mbili kutoka chama kimoja katika kipindi kimoja cha kupanda cheo.

Halafu kuna mwaka wa kazi ya nje. Kabla ya kuwa mhadhiri mwandamizi, kila mtu wa chuo cha namna hii aazimwe kwa msimu mmoja kamili, Novemba hadi Agosti, kwenye chama kikuu, halmashauri, au umoja wa vikundi vya mialo. Asiende kama mshauri. Awe chini ya meneja, apangiwe kazi na mtu asiyejali shahada zake. Utumishi wa umma una utaratibu wa kuazimana watumishi, na mshahara unaweza kubaki chuoni. Kinachokwamisha ni vipindi vyake vya darasani. Idara yenye watu wanane ikimtoa mmoja kwa mwaka, wote watakuwa wamekwenda baada ya miaka minane. Ikijaribu kutoa watatu kwa pamoja, mpango utakufa mwaka wa kwanza na hautafufuka.

Hapa lazima niwataje wahadhiri wanawake, kwa sababu utaratibu wowote wa kulala kijijini huwaumiza wao kwanza. Mama mwenye mtoto anayenyonya akiambiwa akae siku 20 kwenye kisiwa cha Kome au Ukara bila maandalizi, ataacha, na rekodi itaonyesha kwamba hakutaka. Bajeti iwe na kifungu cha msaidizi wa kumlea mtoto na malazi yenye mlango unaofungika. Nyumba za walimu wa shule ya msingi au zahanati mara nyingi hupatikana zikiombwa mapema kwa mtendaji wa kijiji. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina moja ya hotelini mjini.

Vyeo vya utawala navyo vina mtego wake. Mtu huanza na ukuu wa idara, akaongoza kituo au kampasi, akawa naibu mkuu wa chuo wa taaluma au wa mipango, fedha na utawala, ndipo akateuliwa. Kituo cha pembeni ni shule nzuri sana kwa mkuu wa baadaye, kuliko ofisi yoyote ya makao makuu, maana huko ndiko anakojifunza kwamba basi moja bovu linaweza kufuta wiki nzima ya mafunzo. Lakini anayechukuliwa kuwa naibu akiwa bado mhadhiri mwandamizi huacha kuandika, na baada ya vipindi viwili hurudi darasani na cheo kile kile alichoondoka nacho. Wenye uwezo wanaliona hilo na kukataa. Wapewe miezi sita ya utafiti kila kipindi cha uongozi kinapomalizika, iandikwe kwenye barua ya uteuzi tangu mwanzo, isiwe hisani ya baadaye.

Wapo watakaosema haya yote ni ndoto. Wenzetu wa Anand, jimbo la Gujarat, India, wamekwisha kufanya yanayofanana nayo. Chama kikuu cha maziwa cha Kaira kilianza mwaka 1946 chini ya Tribhuvandas Patel. Mwaka 1949 alifika hapo mhandisi kijana, Verghese Kurien, akitokea masomoni Marekani, akabaki. Kazi yao ilisimama juu ya jambo dogo mno: maziwa kupokelewa kijijini asubuhi na jioni, kupimwa mafuta mbele ya mfugaji, na bei kufuata kipimo. Miaka 30 baadaye, mwaka 1979, Kurien akaanzisha hapo hapo Anand taasisi ya usimamizi wa vijijini, IRMA, kwa sababu vyama vilikuwa vimekua na mameneja waliosoma biashara za mjini walikuwa hawaendi kijijini. Wanafunzi wake hupelekwa kuishi vijijini kama sehemu ya kozi. Mwaka 2025 Bunge la India lilipitisha sheria iliyoifanya kiini cha Chuo Kikuu cha Ushirika cha Tribhuvan, kwa jina la yule mwanzilishi wa maziwa.

Mmoja wa wanataaluma waliowahi kuwa wakurugenzi wa IRMA ni Tushaar Shah, mchumi aliyesomea Ahmedabad, ambaye baadaye alifanya kazi na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa maji. Usomi wake ulijengwa juu ya biashara ndogo ya mashambani: mwenye kisima na pampu kumuuzia maji jirani asiye na pampu. Alichokiona ni kwamba namna umeme unavyotozwa ndiyo inayopanga bei ya maji. Mwenye pampu akitozwa kiasi kile kile kwa mwezi kulingana na nguvu ya mashine, saa moja zaidi ya kusukuma haimgharimu kitu, kwa hiyo humuuzia maskini maji kwa bei nafuu. Akitumia dizeli, kila saa ina gharama na bei hupanda. Huwezi kuona jambo kama hilo ukiwa ofisini. Na swali hilo lipo hapa kwetu leo, kwenye bustani za nyanya na kabichi za ufukweni Magu na Ilemela, ambako mashine za petroli hukodishwa kwa siku na mwenye bustani hujinunulia mafuta. Nani chuoni anapima kama bei hiyo ya kukodi inamwacha mkulima mdogo na faida?

Tukija kwenye uteuzi wenyewe, kamati ya kutafuta mkuu wa chuo isiishie kwenye wasifu na hotuba ya maono. Itoe mtihani wa daftari. Mwombaji akabidhiwe bahasha ya chama halisi, majina yakiwa yamefutwa: leja ya wakulima 40, stakabadhi, taarifa ya benki, hati za uzito za kiwanda, mihtasari mitatu ya bodi, na barua ya Mrajis wa Vyama vya Ushirika ya ukomo wa madeni. Saa tatu, kikokotoo na penseli. Ndani yake kuwe na ziada ya ghalani isiyoelezeka, stakabadhi mbili zenye namba moja, fedha za dawa zilizokatwa mara mbili kwa mkulima yule yule, na mkopo uliochukuliwa na bodi kuvuka ukomo. Atakayeziona zote nne amepita. Atakayeona mbili aelezwe zile nyingine mbele ya kamati, kisha aulizwe angemwambia nini mwenyekiti wa chama mbele ya wanachama wake, maana kulijua kosa na kulisema bila kuvunja chama ni kazi mbili tofauti. Kati ya alama 100, mtihani huu uchukue 30, machapisho 30, rekodi ya kusimamia fedha na watu 25, mahojiano 15. Na miongoni mwa wajumbe watano wa kamati, mmoja awe mwenyekiti wa AMCOS anayemaliza muda wake, alipwe posho sawa na ya profesa aliyeketi karibu naye.

Yote haya yanataka fedha kidogo na maandishi mengi, na maandishi yana tarehe zake. Bunge huanza kujadili bajeti Aprili, na mapendekezo ya vyuo huwa yamekwisha kupelekwa miezi kadhaa kabla. Baraza la chuo linalotaka wanafunzi wake wawe ghalani Mei ya mwaka kesho kutwa linatakiwa kuwa na kalenda mpya, kifungu cha basi, kifungu cha malezi na muundo mpya wa vyeo mezani mwezi Novemba mwaka huu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, gari linaloondoka Mwanza alfajiri linawahi ghala la Sengerema kabla umande haujakauka kwenye pamba, na hiyo ndiyo saa ya kupima mzani.

Wako msomaji,
Nyegezi, Mwanza